Volti kumi tu za uzi, na bei yake

Mjomba alikwenda Maskati kumtembelea shemeji yake, akarudi na halua na wazo. Huko alisikilizishwa santuri za taarabu kwenye amplifaya ya valvu, ile yenye vioo vinavyowaka kama taa, na tangu siku hiyo redio yake ya rafuni akaiita bati. "Mwanangu, wewe si ndiye fundi? Nitengenezee." Nikamwambia vioo vile ni ghali. Akasema ghali ni nini, nitajie bei. Ndipo nilipoanza kuandika hesabu hii, ambayo baada ya miezi minne na valvu moja iliyokufa naitoa kwa yeyote anayetaka kupita njia hiyohiyo.

Tulichagua valvu aina ya 845. Ni valvu ya miaka ya 1930, kioo kirefu kama chupa ndogo ya soda, na hadi leo viwanda vya China vinaitengeneza. Ukiiwasha haimemeti kwa haya kama valvu za redio ya babu. Inang'aa hadi unaweza kusomea gazeti. Inataka umeme wa aina mbili kwa wakati mmoja: volti 1,000 hivi za anodi, na volti 10 kwa ampea 3.25 za kuwasha uzi wake. Kila anayeingia karakana yangu huiogopa ile elfu, na aiogope kwelikweli. Ile kumi hakuna anayeiuliza. Lakini pesa zangu zilipotelea kwenye kumi.

Valvu nyingi ndogo zina uzi wa kupasha moto, na juu ya uzi huo kuna kijibomba cha kathodi ambacho ndicho kinachotoa elektroni. Uzi ukiyumba kidogo, kijibomba hakihisi sana. 845 haina kijibomba. Uzi wenyewe ndio kathodi: tangsteni iliyochanganywa na thoriamu kidogo, na thoriamu hiyo hupanda hadi juu ya uzi na kutanda utando mwembamba mno unaotoa elektroni. Uzi ukipoa kwa muda mrefu, utando haujazwi upya. Ukizidi moto, unaruka upesi kuliko unavyojazwa, na valvu inabaki inawaka vizuri huku kazi haifanyi. Ndiyo maana valvu za namna hii hutakiwa zilishwe bila kupita asilimia 5 juu au chini: kati ya volti 9.5 na 10.5. Uwanja wote ndio huo. Umeme wa ukutani kwetu Kenya ni volti 240 kwenye karatasi. Kwangu mita imewahi kunionyesha 218 saa mbili usiku, watu wakipika na kutazama taarifa ya habari, na 251 alfajiri.

Jozi ya 845 za Kichina ilinifikia kwa shilingi 24,000, nauli ndani, ushuru nje. Kwa hiyo kila kifaa ninachokitaja hapa chini nilikipima kwa swali moja: kinailinda ile 24,000, au kinaitia hatarini?

Kabla ya kununua chochote, jiulize uzi wako unakaa wapi. Sisemi rafu ipi, nasema juu ya volti ngapi kutoka athi. Ukiunda amplifaya ambayo uzi umefungwa kwenye athi, chanzo chake kinaweza kuwa cha kawaida tu. Ukiweka rezista chini ya uzi ili valvu ijipange yenyewe, kama nilivyofanya mimi, uzi wote pamoja na chanzo chake unainuka hadi volti 150 hivi juu ya athi, na kila valvu inataka chanzo chake peke yake. Na ukitumia valvu ya kurektifaya, ule uzi wake unakaa juu kabisa, kwenye ile elfu. Pale transfoma ya volti chache inageuka kuwa kifaa cha volti 1,000, kwa sababu kati ya koili yake na chuma chake kuna elfu inayotafuta tundu la kupenya.

Mjomba alikuwa ameona picha ya 866A, valvu ya kurektifaya yenye zebaki ndani ambayo hutoa mwanga wa samawati mzuri kuliko feruzi, akazitaka mbili. Kila moja inakula volti 2.5 kwa ampea 5, lazima uzi uwashwe angalau sekunde 30 kabla ya volti kubwa kufunguliwa, na ikianguka una zebaki kwenye zulia la sebuleni. Nikaweka dayodi nane za 1N4007, nne mfululizo kila upande. Shilingi 80 zote. Nyuzi mbili zikatoka kwenye hesabu, pamoja na transfoma yao ya bei mbaya. Mjomba alinuna kwa siku mbili.

Bei ya kuwasha uzi imewasumbua watu tangu zamani. Redio za miaka ya 1920 zilikuwa na kitufe mbele cha kuzungusha rezista ya uzi, na msikilizaji aliyekizungusha hadi mwisho alijua anakula betri na valvu kwa pamoja. Baadaye, redio za betri zilitumia valvu kama DF91, ambayo uzi wake ni wa volti 1.4 na ampea 0.05 tu, ikaja DF96, yenye nusu ya hapo, miliampea 25. Watu walifanya kazi miaka mingi kuokoa miliampea 25, kwa sababu asiye na umeme ukutani ndiye aliyelipia betri. Mimi nilikuwa na umeme ukutani, nikadhani nina nafuu.

Nilianzia kwa fundi wa kurewaindi mota hapa mjini Mombasa, mzee anayesuka upya pampu za visima. Nikampa karatasi: koili mbili, volti 11 kila moja, ampea 4. Akaisoma mara mbili akiwa amevaa miwani juu ya paji la uso. "Shekhe, volti kumi na moja ampea nne? Unachomelea nini?" Nikamweleza. Akasema kazi rahisi, nikamwambia si rahisi: nataka koili ya ukutani ikae upande mmoja wa kiini na za uzi upande wa pili, na katikati aweke ile karatasi ngumu anayoitia kwenye mota, matabaka matatu. Akanitazama kwa heshima kidogo. Alipomaliza tuliipima kwa mega, ile mita ya kupimia uzuiaji wa umeme, kwa volti 1,000, mshale ukatulia mwisho wa upande tunaoutaka. Shilingi 3,500, na bado naamini ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote, hata kama siku hizi transfoma ile inafanya kazi nyingine.

Njia ya kwanza ni kupeleka AC hiyo moja kwa moja kwenye uzi. Rezista ya omu 0.22 ya wati 10, shilingi 30, inakula sehemu kubwa ya ile volti moja ya ziada. Juu ya uzi unaweka kipotensiomita cha omu 100 cha kusawazisha mvumo, shilingi 100. Jumla ya valvu mbili na transfoma: chini ya 3,800. Haina cha kuharibika. Nilipoiwasha nikazungusha kipotensiomita hadi mvumo ukapungua, nikaweka santuri. Fidla zikiwa nyingi husikii kitu. Wimbo ulipofika pale kanuni inabaki peke yake, Mjomba akainua kidole: "Kuna nyuki." Na alikuwepo. Kwa volti 10 za AC kwenye uzi ambao ndio kathodi, nyuki hatoki kabisa, anapungua tu. Kubwa zaidi, umeme ulipofika 218 usiku ule, uzi ulishuka hadi volti 9.1 nikitazama. Rezista haijui kwamba majirani wanapika.

Hapa nitoe neno kwa wengi: kama valvu zako ni EL34, 6L6 au EL84, ambazo zina kathodi ya kijibomba na zinavumilia asilimia 10, ishia hapa. AC inatosha, nyuki hasikiki, na pesa iliyobaki nunulia spika. Mengine yote ninayoyasema ni ya walioangukia kwenye valvu za uzi mtupu.

Variaki nayo ni ile transfoma ya duara yenye kitufe kikubwa juu, unazungusha kutoka sifuri hadi 250 na ushee. Ni raha kuitumia. Unapandisha taratibu, uzi unatoka mweusi, unakuwa mwekundu, unakuwa wa machungwa, na moyo wako umetulia. Ndogo kabisa niliyoiona Luthuli, Nairobi, ya wati 500, ilikuwa shilingi 11,000, kwa kazi ya wati 65. Na bado unahitaji transfoma nyuma yake, kwa sababu variaki haitenganishi na umeme wa ukutani. Waya mmoja unaingia na kutoka ni uleule. Anayefunga uzi wa valvu kwenye variaki peke yake amefunga amplifaya nzima kwenye ukuta. Zaidi ya hayo, variaki inafuata ukuta kama kivuli: ukuta ukishuka nayo inashuka, mpaka mtu ainuke akaizungushe. Niliazima moja wiki mbili na kuirudisha. Kwa karakana inayojaribu vitu kila siku ni mali. Ndani ya amplifaya ya mtu mmoja ni mapambo ya kilo nane.

Sasa dima. Nasema haya kwa aibu. Swichi ya kupunguzia mwanga, ile ya ukutani, nilipewa kwa shilingi 450, na nilikuwa na transfoma ya volti 14 iliyotoka kwenye chaja ya zamani ya betri. Nikaona nimepata variaki ya mtu maskini. Nikafunga dima upande wa ukutani wa transfoma, nikashika mita yangu ya kawaida, ya njano, ya shilingi 600, nikazungusha hadi ikaonyesha 10.0. Uzi ulikuwa mweupe. Nilidhani ni macho, kwa sababu nilikuwa nimezima taa za chumbani. Nikaacha ikawaka nusu saa huku nikinywa chai.

Dima haipunguzi kimo cha wimbi la umeme. Inakata mwanzo wa kila nusu wimbi na kuachia sehemu iliyobaki kwa kishindo. Mita ya bei ndogo hupima wastani wa wimbi, kisha inazidisha kwa namba inayofaa wimbi kamili tu. Wimbi likikatwa, mita inadanganya, na kila mara inadanganya chini. Baadaye nilikaa na kalamu: kwa transfoma ya volti 14, pale mita ilipoandika 10.0, uzi ulikuwa ukipata volti 12 na ushee. Asilimia 20 na zaidi juu, ambapo nafasi yote ni asilimia 5. Balbu ya kawaida ikizidishiwa volti kiasi hicho, maisha yake hupungua zaidi ya mara kumi. Valvu yangu haikukatika uzi. Hadi leo inawaka. Lakini utando wa thoriamu umekwenda, na sauti inayotoka ni kama mtu anayesimulia akiwa na mafua. Ukihesabu, ile dima ya 450 ilinigharimu 12,450.

Kwa hiyo kabla ya kufika kwenye njia nzuri, nunua mita inayopima thamani ya kweli ya wimbi, zile zilizoandikwa TRUE RMS. Niliipata kwa shilingi 3,200, na laiti ningeinunua kwanza, jedwali langu la gharama lingekuwa na mistari michache. Ukiwa nayo, kipimo chukua kwenye miguu ya soketi, usichukue kwenye mlango wa chanzo. Waya wa milimita 0.5 za mraba, mita moja kwenda na mita moja kurudi, unakula kama volti 0.2 kwa ampea 3.25. Hiyo ni karibu nusu ya uvumilivu wote ulionao, imeishia kwenye waya wa shilingi 40.

Na kipimo hicho kifanye ile elfu ikiwa imezimwa na imemwagwa. Kapasita za mikrofaradi 100 zilizojazwa volti 1,000 zinabeba jouli 50, na hizo haziulizi kama umechomoa plagi. Zangu zina mlolongo wa rezista wa jumla ya kiloomu 100 unaozimwaga kwa muda wa dakika moja hivi, na juu ya hapo nina fimbo ya kugusishia athi, na ninapima tena kabla ya kutia mkono. Rezista hizo ziwe kadhaa mfululizo, kwa sababu rezista moja ya kawaida haistahimili volti 1,000 hata ikiwa na wati za kutosha. Kazi ya namna hii siifanyi usiku, wala siifanyi nikiwa peke yangu nyumbani.

Baada ya dima niliapa kwamba uzi wangu utakula DC iliyotulia. Njia ya heshima ni LM338, kidude cha miguu mitatu kinachobeba hadi ampea 5, shilingi 250. Unarektifaya, unajaza kapasita kubwa, kidude kinashusha hadi volti 10 na kuzishikilia hapo hata ukuta ukiyumba. Ukimya wake ni wa kaburini. Tatizo ni joto. Ili kikae sawa umeme ukiwa umeshuka, lazima ukipe volti 18 hivi za kuingia, na zile 8 zinazobaki mara ampea 3.25 zinageuka wati 26 za moto kwa kila valvu. Bati la kupozea nililolitoa kwenye amplifaya ya gari lilipasha kiasi kwamba gundi ya lebo yake iliyeyuka, na chumba cha Mjomba hakina feni ya dari. Transfoma nayo lazima iwe kubwa zaidi. Kwa jozi nilifika shilingi 7,500, na bili ya umeme juu yake. Ukihesabu uniti kwa shilingi 30 na masaa manne kila siku, joto lile la ziada kwa jozi ni kama shilingi 190 kwa mwezi. Si nyingi, ila unazilipa upashwe moto Mombasa.

Betri niliipitia haraka. Betri mbili za volti 12 za saa-ampea 7, shilingi 4,400, pamoja na rezista ya omu 0.8 na chaja. Haina nyuki kabisa, na inaelea popote unapotaka. Lakini ampea 3.25 zinaimaliza kabla ya masaa mawili, na kabla haijaisha tayari uzi umeshuka chini ya 9.5. Anayesikiliza santuri moja kisha akalala, atafurahi.

Njia iliyobaki mezani ni ile inayodharauliwa: chaja ya mtumba ya laptopu na moduli ya Kichina. Chaja ya volti 19, wati 65, ni shilingi 1,000 ukijua kuchagua. Moduli ninayoisema inashusha volti kwa kukata na kuunganisha umeme mara nyingi mno kwa sekunde, kwa hiyo haipotezi joto kama LM338. Ina skrubu mbili ndogo za shaba: moja ya volti, nyingine ya kikomo cha ampea. Ile ndogo, XL4015, inaandikwa ampea 5 na inauzwa 400. Kwa ampea 3.25 mfululizo ilichemka hadi nikashindwa kuigusa. Nikapanda hadi XL4016, iliyoandikwa ampea 8, yenye mabati yake ya kupozea, shilingi 750. Kwa vitu hivi mimi huamini nusu ya kilichoandikwa na kidogo zaidi.

Ile skrubu ya pili ndiyo niliyoilipia. Uzi baridi una ukinzani kama sehemu moja ya kumi ya ule wa uzi moto, kwa hiyo kila unapowasha, chanzo cha kawaida kinaupiga uzi mkondo mkubwa kwa kufumba na kufumbua. Nikiweka kikomo cha ampea 3.5, uzi hauwezi kupata zaidi ya hapo. Unapanda polepole, sekunde chache, kama mtu anayeamshwa kwa kuguswa bega. Kuiweka ni rahisi: unaunganisha mita ya ampea moja kwa moja kwenye mlango wa kutokea, unazungusha skrubu ya mkondo hadi 3.5, kisha unatoa mita, unafunga uzi, na kuzungusha skrubu ya volti hadi soketi isome 10.0.

Rafiki yangu mmoja, fundi hodari kuliko mimi, hubishana nami kwamba ilitakiwa niushikilie mkondo peke yake, 3.25 basi. Sikubali. Uzi ukizeeka unakonda, ukinzani unapanda, na ukiushikilia mkondo uleule, wati zinaongezeka. Uzi uliochoka ndio unaozidishiwa moto. Ukishikilia volti, uzi ukikonda unakula kidogo zaidi, unajihurumia wenyewe. Kwa hiyo volti ndiyo bwana na mkondo ni askari wa mlangoni tu. Tumekubaliana kutokubaliana, naye valvu zake ni mpya bado.

Mitego ya njia hii ni miwili, na wa kwanza nusura uniaibishe. Chaja nyingi za laptopu zenye plagi ya miguu mitatu huunganisha upande hasi wa volti 19 na athi ya ukutani. Kwa uzi unaokaa kwenye athi haidhuru. Kwa uzi wangu unaokaa volti 150 juu, ingekuwa nimeishoti rezista ya chini ya valvu, na valvu ingejimwaga mkondo hadi anodi iwe nyekundu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mita kwenye omu: ncha moja kwenye mguu wa athi wa plagi, nyingine kwenye ganda la nje la pini. Ikilia, irudishe. Chaja ya pili niliyochukua ililia; muuzaji akanibadilishia bila maneno, akaniuliza tu naona nini humo. Na kwa ule uzi wa rektifaya unaokaa kwenye elfu, chaja usiitie kabisa, hata isipolia. Haikutengenezwa kubeba volti 1,000 za kudumu kati ya pande zake mbili. Pale ni transfoma ya yule mzee wa pampu, na mega.

Mtego wa pili: nyingi ya moduli hizi hupima mkondo kwa kirezista kilichowekwa kwenye njia ya hasi, kati ya hasi ya kuingia na hasi ya kutoka. Ukilisha moduli mbili kwa chaja moja kubwa, halafu hasi zake zikakutana mahali pengine ndani ya amplifaya, kirezista kimepitwa na kikomo chako cha mkondo ni skrubu ya mapambo. Kila valvu na chaja yake, kila chaja na moduli yake. Zile kelele za kukatakata nilizimaliza kwa koili na kapasita baada ya moduli, shilingi 200 kila upande.

Hesabu ya mwisho ya njia hii: chaja mbili 2,000, moduli mbili 1,500, koili na kapasita 400, waya mnene na vitundu vyake 300. Shilingi 4,200, mia nne na ushee tu juu ya ile AC yenye nyuki. Mita ya 3,200 siihesabu, hiyo ni ya karakana. Transfoma ya mzee sasa inawasha taa na valvu ndogo za mbele za amplifaya hiyohiyo.

Nilipeleka mtambo kwa Mjomba siku ya Ijumaa baada ya swala ya isha. Umeme ulikuwa 219 ukutani. Kwenye soketi, kabla sijafungua ile elfu, mita ilisoma 9.98, na nilipowasha kila kitu Mjomba alivuta kiti karibu na spika, akasubiri hadi kanuni ikabaki peke yake, akasubiri zaidi, hakuinua kidole. Kisha akageuka na kuniuliza ile valvu iliyoharibika, iliyosimama kwenye boksi la vifaa vyangu, nilinunua kwa kiasi gani.

Nikamwambia shilingi 12,000.

Akasema, "Ghali."